Mali bila Daftari: Tulichoachiwa na Fundi Edward Saidi Tingatinga

Haya ni mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya mafundi, wazazi na vijana wa Kata ya Sepuka. Yanachapishwa kwa ajili ya wananchi ambao hawakuweza kufika.

  

Nimepewa jukumu la kueleza huduma ambazo fundi na familia yake wanaweza kuzipata katika Halmashauri yetu ya Wilaya ya Ikungi na katika taasisi nyingine za umma. Ningeweza kuzisoma kama orodha, ofisi baada ya ofisi, na kabla jua halijafika utosini kila mmoja angekuwa amekwisha kuzisahau. Nimeona heri nizipitishe katika maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo hakuwa mwenyeji wa Singida, wala sina habari kwamba aliwahi kufika Sepuka. Lakini alikuwa fundi aliyeanza bila chochote, alikuwa mume na baba, alikuwa ndugu aliyewabeba ndugu zake, na aliondoka duniani ghafla akiwa na umri wa takribani miaka 40. Jina lake ni Edward Saidi Tingatinga.

Najua nikilitaja jina hilo baadhi ya vijana wanatabasamu. Kwetu tingatinga ni ule mtambo mkubwa unaochonga barabara, na ukipita kijijini watoto huufuata nyuma kwa vifijo. Leo tunamkumbuka mtu aliyelibeba jina hilo, ambaye naye kwa namna yake alichonga barabara, na wengine wakapita.

Kijana wa Tunduru

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi yetu, katika eneo ambalo leo limo ndani ya Mkoa wa Ruvuma. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo. Baba alikuwa Mwislamu na mama alikuwa Mkristo. Jina lake lenyewe, Edward Saidi, linatueleza kwamba alilelewa katika nyumba iliyokuwa na nafasi kwa pande zote mbili. Shule aliisoma miaka michache tu ya msingi, kama walivyosoma wengi wa rika lake waliobahatika kusoma.

Kijana wa wakati ule aliyetaka fedha alikuwa na njia chache. Moja ilikuwa mashamba ya mkonge ya Tanga. Tingatinga aliishika njia hiyo. Wazee waliopo hapa wanaelewa maana yake, kwa kuwa hata katika maeneo yetu ya kati walikuwapo waliokwenda manamba. Mkonge ulikuwa na miiba, ulikuwa na hesabu ya mafungu ya kukata kwa siku, na ulikuwa na msimamizi. Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, alihamia Dar es Salaam, ambako alikuwapo ndugu wa kumpokea. Huko alifanya kazi za bustani na za nyumbani kwa Wazungu, akafanya vibarua na biashara ndogondogo mitaani. Baadaye aliwahi pia kuajiriwa katika Hospitali ya Muhimbili.

Vijana, naomba mpatazame hapo kwa makini. Hadi anafikisha umri wa zaidi ya miaka 30, mtu huyu hakuwa na fani ambayo dunia ingemjua kwayo. Alikuwa mtafutaji kama watafutaji wengine. Kijana wa Sepuka mwenye miaka 22, ambaye ameuza alizeti ya baba yake, akaendesha bodaboda, akawa saidia fundi kwenye ujenzi wa madarasa na bado hajajiona amefika, asidhani kwamba saa yake imepita.

Mbao za dari na rangi ya baiskeli

Ilikuwa karibu na mwaka 1968 ndipo Tingatinga alipoanza kuchora picha kwa nia ya kuuza. Hakupitia chuo cha sanaa. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji zilizoagizwa kutoka nje, kwa kuwa bei yake haikuwa ya mtu kama yeye. Alichukua kile kilichokuwapo madukani na kwenye mabaki ya ujenzi: mbao nyembamba za kiwandani, za aina inayopigiliwa darini. Alizikata vipande vya mraba, kiasi cha futi mbili kwa futi mbili. Kwa rangi alitumia ile rangi ya mafuta yenye kung'aa iliyokuwa ikitumika kupaka baiskeli.

Fundi yeyote aliyepo hapa anaweza kuieleza hekima iliyomo katika uchaguzi huo. Ubao wa dari ni bapa, haukunjiki, haupasuki ovyo, na hauhitaji fremu ya gharama. Rangi ya baiskeli hukauka ikawa ngumu, hustahimili vumbi na jua, na hung'aa kwa mbali hata mpita njia akageuza shingo. Kwa kuwa rangi hiyo haichanganyiki kirahisi kama rangi za maji, ilimlazimu kupaka rangi moja nyuma, kuiacha ikauke, kisha kumweka mbele yake mnyama mmoja aliyekolea: chui, tembo, twiga, au ndege mwenye mkia mrefu. Upungufu wa vifaa ukazaa mtindo. Kile ambacho watu wa nje walikuja kukiita sanaa ya Tingatinga kilianzia katika hesabu ya fundi anayejiuliza kila asubuhi: nina nini mkononi, na mteja wangu anaweza kulipa kiasi gani?

Picha zake ziliuzwa Oysterbay, karibu na maduka yaliyoitwa Morogoro Stores, chini ya kivuli cha mti. Wanunuzi wengi walikuwa wageni waliokuwa wakiishi mtaa ule. Biashara ilipoanza kushika kasi, shirika la umma lililoshughulikia sanaa nalo likaanza kununua kazi zake. Katika miaka takribani minne, mtu aliyekuwa akitafuta kibarua akawa ndiye anayewapa wengine kazi.

Mume, baba na ndugu

Hapa ndipo ninapopenda kutulia kidogo, kwa sababu mafundi tunawasifu kwa kazi ya mikono yao na mara nyingi tunasahau kwamba kazi hiyo ilikuwa na nyumba nyuma yake.

Tingatinga alimwoa Agatha Mataka, na Mungu akawajalia watoto wawili, Martina na Daudi. Kazi ya uchoraji aliifanyia nyumbani. Sisi tulio na mafundi majumbani tunajua maana ya jambo hilo. Nyumba ya fundi ina harufu ya kazi yake. Kwa seremala watoto huchezea maranda, kwa fundi cherehani huokota vitambaa, kwa fundi baiskeli huviringisha mpira uliochakaa. Mke wa fundi, hata kama hashiki randa, ndiye anayempokea mteja mume akiwa hayupo, ndiye anayejua nani amelipa na nani bado, na ndiye anayefunika kazi mvua inapoanza. Kwa hiyo tunaposema fundi fulani alijenga jina, tuelewe kwamba jina hilo lilijengwa na watu wawili au zaidi.

Kazi ilipomzidi, Tingatinga aliwaita jamaa zake. Wanafunzi wake wa kwanza wanajulikana kwa majina: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Omari Amonde. Wengi wao walikuwa ndugu na jamaa wa karibu. Walianza kwa kumsaidia kupaka rangi ya nyuma, kisha kujaza maumbo aliyoyachora, na hatimaye wakasimama wenyewe.

Angeweza kuwafungia mlango. Alikuwa amegundua jambo linalouzika, na kila aliyemfundisha alikuwa mshindani wa kesho chini ya mti uleule. Siri ya kazi yake ilikuwa nyepesi kuibwa: ubao, rangi ya baiskeli na mkono uliotulia. Lakini aliwafundisha. Kwa mtu aliyepokewa mjini na ndugu, kuwapokea wengine lilikuwa deni, na deni hilo alililipa kwa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Mwaka 1972

Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alipigwa risasi na askari polisi waliodhani kwamba wanamfukuza mhalifu. Lilikuwa kosa la kumdhania mtu. Alifariki akiacha mjane kijana na watoto wawili wadogo. Hakuugua kitandani ambako angewaita ndugu na kuusia. Hakupata siku ya kukaa na mke wake na kumwambia: fulani ana picha zangu tatu, fulani ananidai ubao, fedha nimeweka mahali fulani. Alitoka nyumbani akiwa mzima, na hakurudi.

Nitakuwa mwangalifu hapa, ndugu zangu. Sikuja kusimulia mambo ya ndani ya familia ile baada ya msiba, kwa kuwa hayo ni yao. Ninachokieleza ni yale yaliyo wazi kwa kila mtu. Kwanza, ujuzi haukufa. Wale aliowafundisha waliendelea kuchora palepale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na ushirika uliosajiliwa kwa jina lake. Simon Mpata alivuka mpaka akafanya kazi Kenya, na picha zake zikapendwa sana hadi Japani. Watoto wa marehemu, Daudi na Martina, nao walishika brashi. Leo hii picha za mtindo wake zinauzwa Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha na nje ya nchi, na mamia ya familia zinakula kutokana nazo.

Pili, jina lake limekuwa la watu wote. Hapa kuna somo la sheria ambalo fundi mbunifu anapaswa kulijua. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mbunifu katika kazi yake mahususi: picha hii, mchongo huu, mchoro huu wa urembo. Ulinzi huo huendelea kwa warithi miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini sheria hailindi mtindo. Mtu yeyote anaweza kuchora chui mwenye macho makubwa juu ya rangi moja ya nyuma na kuita kazi yake Tingatinga, bila kuwajibika kwa familia ya aliyeanzisha. Kwa hiyo urithi ambao mke na watoto wa fundi wanaweza kuushika kisheria ni ule unaoweza kuthibitishwa kuwa ni wake. Kilichobaki ni sifa. Sifa ni njema, lakini haipeleki mtoto shuleni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuitumia kwa wenye maduka. Mimi naona inamhusu zaidi fundi, kwa kuwa mali ya fundi imejificha. Duka linaonekana. Ng'ombe wanahesabika wakirudi zizini jioni. Mali ya fundi imo katika vifaa, katika madeni anayodai, katika kazi iliyofikia nusu, na sehemu kubwa kuliko zote imo kichwani mwake.

Hali yetu hapa Sepuka

Tutazame basi nyumbani. Sepuka ni ya wakulima na wafugaji, lakini hakuna mkulima anayefika mbali bila fundi. Plau ikivunjika msimu wa kulima, mvua haimsubiri mtu. Mkokoteni ukipasuka gurudumu, magunia ya alizeti yanabaki shambani. Mashine ya kukamua mafuta ikinyamaza, mnunuzi anapeleka fedha yake kwingine. Nyumba zetu za tembe zilihitaji waliojua kuchagua mti wa nguzo na kusawazisha udongo wa paa. Nyumba za leo za matofali ya kuchoma na mabati zinahitaji mwashi anayejua kutumia timazi. Umeme ulipofika vijijini wakaongezeka mafundi wa kuchomelea, na milango ya chuma ambayo zamani ilifuatwa Singida mjini sasa inatengenezwa hapahapa.

Sasa hebu tuchukue mfano. Simsemi mtu yeyote, lakini kila mmoja wenu ataona kama ameushuhudia. Fundi seremala anafariki ghafla, kwa ajali au kwa maradhi ya siku mbili. Karakana yake ina randa, misumeno, patasi na mashine moja ya umeme aliyoinunua kwa miaka mitatu ya kujinyima. Ukutani kumeegemezwa kitanda ambacho hakijaisha. Siku ya tatu baada ya mazishi anakuja mtu na kusema, kitanda kile ni changu, nilitoa advansi. Anakuja wa pili na kusema, hata mimi nilitoa ya kabati. Anakuja wa tatu ambaye marehemu ndiye aliyekuwa akimdai, naye ananyamaza. Mjane hana karatasi hata moja. Anawalipa waliosema na hawezi kumdai aliyenyamaza. Mdogo wa marehemu anachukua mashine ili aitunze. Binamu anachukua misumeno kwa sababu naye ni fundi. Matanga yanapoanuliwa, karakana imekuwa banda tupu, na kijana wa marehemu aliyekuwa ameanza kujifunza kupiga randa hana randa ya kupiga.

Hakuna mwizi katika kisa hiki. Kila mmoja anaamini ametenda haki. Familia imefilisika ndani ya majuma mawili kwa kukosa daftari la shilingi chache.

Mambo manne ya kufanya

Kwa hiyo, ndugu zangu mafundi, nawaomba mambo manne. Kila moja nitaonyesha mlango wa kubisha hodi.

La kwanza ni daftari. Nunua daftari kubwa la mistari. Kurasa za mwanzo andika vifaa vyako vyote, mwaka uliovinunua na bei. Kurasa zinazofuata andika kazi: jina la mteja, kazi aliyoagiza, bei mliyokubaliana, alichotanguliza na kilichobaki, naye aweke sahihi au dole gumba. Kurasa za mwisho andika unaowadai na wanaokudai. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake wa shule amwandikie kila jioni. Mtoto atajifunza hesabu, na baba atapata kumbukumbu. Mke au mume ajue daftari linakaa wapi. Daftari hilohilo ndilo litakalokusaidia siku unapoomba mkopo, kwa maana linaonyesha kwamba kazi yako ina mzunguko.

Na kwa kuwa nimetaja mikopo: sheria inazitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa vyenye shughuli ya kiuchumi inayoeleweka. Mafundi vijana wa kuchomelea au wanawake wa cherehani wanaweza kuunda kikundi, wakafungua akaunti na kuandika andiko la mradi. Mlango wa kubisha ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Huduma ya ushauri ni bure. Asiwepo mtu wa kukutoza fedha ili akujazie fomu au akuwekee jina mbele.

La pili ni kuutambulisha ujuzi wako. Tingatinga hakuwa na cheti, na wengi wenu hamna. Umejifunza kwa baba, kwa mjomba, au kwa kukaa na fundi miaka mitano ukimpa msumari. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa kazi, huonyeshwa mapungufu yake, huyafanyia mafunzo ya muda mfupi, kisha hupewa cheti. Kwa mkoa wetu, Chuo cha VETA Singida ndicho cha kuulizia utaratibu na nafasi zilizopo. Cheti hakikuongezei nguvu mkononi, lakini kinakufungulia kazi ambazo leo zinapita mbele yako kwa sababu mwenye mradi anataka karatasi.

Sambamba na hilo, wafundisheni vijana. Fundi anayeficha ujuzi ili asipate mshindani anauzika pamoja naye. Mchukueni kijana mmoja, wa kiume au wa kike, mkubaliane mbele ya wazazi wake muda wa kujifunza, chakula chake na posho yake, na makubaliano hayo yaandikwe. Mzee mwenye ujuzi wa kujenga tembe imara, au wa kuchonga mzinga unaopendwa na nyuki, asidhani kwamba ujuzi wake umepitwa na wakati. Ujuzi hauzeeki, anayezeeka ni mwenye ujuzi.

La tatu ni nyaraka za familia. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata shida kuthibitisha kwamba ni mtoto wa marehemu, na shida hiyo huja siku ambayo aliyeweza kuthibitisha hayupo tena. Kizazi kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku 90, na kifo ndani ya siku 30. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano husajiliwa bila malipo kupitia ofisi za kata na vituo vya tiba vinavyotoa huduma za mama na mtoto. Vifo navyo visajiliwe. Bila cheti cha kifo, benki haitatoa fedha za marehemu na mfuko wa hifadhi hautalipa mafao. Kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka hatimiliki ya haki miliki ya kimila, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Shamba au kiwanja cha karakana kinaweza kuandikwa kwa majina ya mke na mume. Anzeni na Mtendaji wa Kijiji.

Nikumbushe pia kwamba Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hupokea wanachama waliojiajiri. Si lazima uwe na mwajiri ndipo uwe na mafao. Fundi anayechangia kidogo baada ya kila msimu wa mavuno, wakati kazi zinapokuwa nyingi, anaweka akiba ambayo hakuna binamu atakayeibeba begani siku ya matanga.

La nne, nalo ndilo zito, ni wosia na mirathi. Najua wapo wanaoamini kwamba kuandika wosia ni kukiita kifo. Dini zetu zote mbili kubwa zinamhimiza mtu apange mambo ya nyumba yake kabla hajaondoka, na viongozi wetu wa dini waliopo hapa watanisaidia kulieleza hilo. Wosia huandikwa mtu akiwa na akili timamu, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi. Kwa taratibu za kimila mashahidi wawemo wa ukoo na wasio wa ukoo. Unaweza kuuhifadhi kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, au kwa mtu unayemwamini. Na wosia unaweza kubadilishwa wakati wowote mwenyewe akiwa hai.

Kama hakuna wosia, familia isigawane kitu matangani. Ukoo ukae kikao, upendekeze msimamizi wa mirathi, muhtasari uandikwe na kutiwa sahihi, kisha upelekwe Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina mamlaka juu ya mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu. Mjane anaweza kuwa msimamizi. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi halali na kurudisha hesabu mahakamani ndani ya miezi minne, au muda zaidi ambao mahakama itaruhusu. Msimamizi anayehamishia mali kwake anavunja sheria, hata kama ni kaka mkubwa na hata kama ndiye aliyegharamia jeneza.

Neno la mwisho kwa wazee, wake na vijana

Mama zangu, msisubiri msiba ndipo muulize. Muulizeni mwenzenu leo, kwa upole, wakati wa chakula: kuna nani anatudai, na tunamdai nani? Mwanamume asiyekasirika kwa swali hilo anaipenda nyumba yake.

Wazee wangu, ninyi ndio mnaokaa mbele katika vikao vya ukoo. Neno lenu moja, kwamba vifaa vya marehemu vibaki karakanani mpaka mahakama iseme, linaweza kumwokoa mjukuu wenu asiache kazi ya baba yake.

Vijana, kwa Tingatinga mchukue mambo mawili. Alianza na kilichokuwapo, mbao za dari na rangi ya baiskeli, wala hakungoja mtaji mkubwa. Na alipopata, hakula peke yake. Ndiyo maana zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake bado tunaweza kumtaja katika kata iliyo mbali na Tunduru na mbali na Oysterbay.

Mungu ailaze roho ya Edward Saidi Tingatinga mahali pema, pamoja na roho za mafundi wote wa Sepuka waliotutangulia, ambao milango yao bado tunaifungua kila asubuhi na vitanda vyao bado tunavilalia. Sisi tuliobaki tuandike, tufundishe na tupange mapema.

Ofisi ya Kata iko wazi siku za kazi. Njooni na maswali, njooni na madaftari.